Mpako wa grafini oksidi kwenye sensa za unyevu za faiba: nilichokiona baada ya kuutumia

Nimekaa na hii chupa ya grafini oksidi, yaani karatasi za kaboni nyembamba mno zenye oksijeni zilizotawanywa kwenye maji, miezi kadhaa sasa, nimepaka faiba nyingi tu, zile nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, zingine zikabanduka siku ya pili na zingine mpaka naandika hapa bado zinasoma unyevu vizuri, kwa hiyo nadhani nimefika mahali naweza kumwambia kitu cha maana mtu anayefikiria kuuchukua. Jibu la wenye haraka: mpako ni mzuri, tena mzuri sana, ila lile neno "rafiki kwa mazingira" kwenye lebo linategemea vitu ambavyo muuzaji hakwambii, na vingine viko mikononi mwako wewe unayepaka. Na ukipaka nene umeharibu. Hilo la unene ntalirudia maana ndo kila kitu.

Kwanza nilikotoka, ili mnielewe kwa nini hili jambo naliwekea moyo. Sensa zangu za mwanzo nilikuwa napaka jeli yenye kloridi ya kobalti, ile chumvi inayokuwa ya bluu ikiwa kavu na ya waridi ikilowa. Inafanya kazi, siwezi kudanganya, rangi ikibadilika na mwanga unaopita unabadilika. Lakini kloridi ya kobalti Ulaya imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, ndo maana hata vile vipakiti vya silika vya rangi ya bluu vinavyowekwa kwenye mizigo vimekuwa vikibadilishwa na vya rangi ya chungwa. Mi nilikuwa nasuuza vyombo vyake kwenye sinki. Siku niliyoisoma vizuri karatasi yake ya usalama niliacha hapohapo. Nikahamia poliimidi, plastiki ngumu inayovimba kidogo ikinyonya maji, nzuri kweli, ila inakuja imeyeyushwa kwenye kimiminika kinachoitwa NMP ambacho nacho Ulaya kimeorodheshwa kuwa kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, halafu ili ikomae sawasawa inataka tanuri la joto linalokaribia nyuzi 300. Kwa hiyo nilipoona kuna kitu kinapakwa kwa maji tu, bila kiyeyushi chochote, nikasema hiki lazima nikijaribu.

Sasa chupa yenyewe. Ndani kuna maji ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, yenye miligramu 4 za grafini oksidi kwa kila mililita. Haina harufu. Haina sabuni ndani, na hili msilipite haraka, kwa sababu vitu vingi vya kaboni vya saizi ya nano haviwezi kukaa kwenye maji bila kuwekewa sabuni, halafu sabuni hiyo inabaki kwenye faiba yako na yenyewe inanyonya unyevu kivyake, unaishia kupima tabia ya sabuni. Grafini ya kawaida ni kaboni tupu, unene wa atomu moja, haitaki maji. Ukiioksidisha inaota vikundi vya oksijeni, vya haidroksili na epoksi juu ya uso wake na vya kaboksili kwenye kingo, na hivyo ndo vinavyoyashika maji. Yaani tabia ileile inayoifanya itulie kwenye chupa bila sabuni ndo inayoifanya ihisi unyevu ikishakauka juu ya faiba. Mi hapo ndo iliponikamata.

Ila chupa si zote sawa. Kabla ya hii nilichukua ya muuzaji mwingine, jina naliacha, nayo lebo ilikuwa inasema hivyohivyo rafiki kwa mazingira. Nikachovya karatasi ya pH ikaonyesha asidi kali kupita kiasi. Grafini oksidi kuwa na asidi kidogo ni kawaida, zile kaboksili zinachangia, lakini hii ilikuwa imezidi, na tone nililoliacha kwenye kipande cha kioo lilikaa siku nzima likawa na unato, halikauki. Maana yake haikuoshwa ikaisha. Asidi ya salfuriki iliyobaki ndani inavuta maji kutoka hewani kwa nguvu kubwa, kwa hiyo sensa uliyoipaka hiyo itaonekana ina hisia kali mno siku za mwanzo, utafurahi, kumbe unasoma asidi, halafu usomaji unahama kila siku hujui kwa nini. Nawaomba kabla hamjapaka chochote kausheni tone moja kwenye kioo kwanza. Likikauka likawa utando mkavu wa kahawia unaong'aa, endelea. Likibaki na unato, rudisha chupa.

Na hapo ndo tunaingia kwenye swali la mazingira, maana tatizo la kuosha linatokana na jinsi kitu chenyewe kinavyotengenezwa. Watu wengi wakisikia grafini wanafikiri ni mambo ya juzi, kwa sababu Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga pale Manchester mwaka 2004 na kupata Nobeli mwaka 2010, lakini oksidi ya grafiti (grafiti ni ile kaboni ya kwenye penseli, karatasi nyingi za grafini zilizolaliana) ni ya zamani mno, Benjamin Brodie aliitengeneza mwaka 1859 kwa kloreti ya potasiamu na asidi ya nitriki, mchanganyiko wa hatari wa kulipuka. Mwaka 1958 Hummers na Offeman wakaja na njia ya asidi ya salfuriki iliyokolea, pamanganeti ya potasiamu na nitreti ya sodiamu, ikawa ya haraka na salama zaidi, na mpaka leo ukisoma kwenye chupa nyingi utaliona jina la Hummers. Shida ya hiyo njia ni ile nitreti, inatoa gesi za oksidi za nitrojeni, zile za kahawia zinazochoma mapafu. Mwaka 2010 kundi la James Tour pale Chuo Kikuu cha Rice likatoa njia iliyoondoa nitreti kabisa na kuweka asidi ya fosfori, gesi hizo zikaondoka. Hiyo ni hatua kubwa na muuzaji anayeifuata anastahili sifa. Lakini asidi ya salfuriki bado ipo, tena nyingi, pamanganeti bado ipo, na maji ya kuoshea yanatoka na asidi pamoja na manganizi. Yanakwenda wapi hayo maji? Hili ndo swali ambalo lebo hailijibu. Mi niliuliza kwa maandishi mambo matatu: je mnatumia nitreti, maji ya kuosha mnayafanyaje, na kuna manganizi na salfa kiasi gani iliyobaki ndani. Muuzaji wa hii chupa alinijibu yote na akanitumia karatasi ya vipimo. Yule wa kwanza alinitumia kipeperushi chenye picha ya jani la kijani. Kuna pia wanaotumia umeme kuitenganisha grafiti badala ya pamanganeti, hiyo nayo inapunguza uchafu wa manganizi, ukiipata iangalie vizuri.

Kitu kimoja lakini kinanipa moyo kwa matumizi haya yetu ya unyevu, na sioni watu wakikisema. Vitu vingi vinavyotumia grafini oksidi vinahitaji baadaye kuiondolea oksijeni ili ipitishe umeme, na kemikali iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni haidrazini, ambayo ni sumu kwelikweli, watu wakawa wanahangaika kuibadilisha kwa vitamini C na vitu vya mimea. Sisi hatuihitaji hatua hiyo! Hatutaki ipitishe umeme, tunataka oksijeni ibaki palepale maana ndo inashika maji. Kwa hiyo ile hatua chafu kuliko zote hapa haipo kabisa. Ukikuta mtu anakuuzia grafini oksidi iliyopunguzwa oksijeni kwa ajili ya sensa ya unyevu ya faiba, muulize vizuri ya nini, maana kwa kawaida amekupunguzia kilekile ulichokifuata.

Jinsi inavyofanya kazi kwenye faiba, kwa wale wageni wa hili. Faiba ya kawaida ya njia moja ina unene wa mikromita 125, kiini cha katikati kinachobeba mwanga ni kama mikromita 8 au 9 tu, kilichobaki ni kioo cha kukizunguka, kladingi. Mwanga uko ndani kabisa, hauna habari na hewa ya nje. Ndo maana faiba tupu hata iwe na gretingi ya Bragg, yaani mistari iliyoandikwa ndani ya kiini inayorudisha urefu mmoja tu wa wimbi la mwanga, haisomi unyevu, kioo hakijali. Ili isome kwa mpako kama huu lazima umkaribishe mwanga nje, ama kwa kusaga upande mmoja wa faiba mpaka ukaribie kiini, ama kuivuta kwa moto iwe nyembamba katikati, ama kutumia gretingi iliyoinamishwa au ile yenye hatua ndefu inayousukuma mwanga kwenye kladingi. Hapo mwanga unakuwa na kama mkia unaotokeza nje ya kioo, na huo mkia ndo unaoigusa grafini oksidi. Maji yakiingia katikati ya karatasi zake nafasi inatanuka, grafiti ya kawaida karatasi zimeachana nanomita 0.335 tu, hizi zinaanzia kama 0.6 kwenye ukavu na zinaweza kufika hata 1.2 zikilowa, na kwa kutanuka huko na maji yaliyojaa ndani mpako unaupinda mwanga kwa kiasi tofauti na mwanzo, urefu wa wimbi unahama au nguvu ya mwanga inapanda na kushuka, wewe unasoma.

Uharaka wake ndo ulionishangaza zaidi. Ukipumulia karibu na faiba usomaji unaruka palepale, ukitoa mdomo unarudi, unaweza kuhesabu pumzi moja moja. Sababu yake ni nzuri kuijua. Mwaka 2012 kundi la Manchester lilionyesha kwamba utando wa grafini oksidi unazuia hata heliamu isipite, gesi nyepesi inayopenya karibu kila mahali, lakini mvuke wa maji unapita kama hakuna kilichowekwa. Maji yana njia zake katikati ya karatasi. Kwenye poliimidi nilikuwa nasubiri, hasa ikiwa nene, hapa sisubiri.

Sasa kupaka, na hapa ntakaa maana hapa ndo watu wanapotea, na mimi nilipotea. Mara ya kwanza nilichovya faiba moja kwa moja kwenye chupa ya miligramu 4 kwa mililita, nikaitoa, nikaikausha, tabaka likawa nene linaonekana kwa macho. Kesho yake likapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na kipande kikubwa kikabanduka kikaanguka kizima. Nikafikiri mpako mbovu. Kumbe mambo ni mawili. La kwanza ni unene: tabaka likivimba na kusinyaa kila unyevu unapobadilika, nene linajivuta lenyewe mpaka linapasuka, halafu mkia wa mwanga wenyewe ni mfupi, hauzidi mikromita moja hivi kutoka kwenye kioo, kwa hiyo sehemu yote ya juu ya tabaka nene mwanga hauioni, inakuchelewesha tu maana maji lazima yaivuke kwanza. La pili lilinichukua muda kulielewa. Kioo kikiwa kwenye maji uso wake unakuwa na chaji hasi. Grafini oksidi nayo ina chaji hasi. Zinasukumana! Unataka kubandika vitu viwili ambavyo havitaki kukaa pamoja, halafu unashangaa vimeachana.

Dawa yake ni kuweka kitu chenye chaji chanya katikati. Njia iliyozoeleka maabara ni silani inayoitwa APTES, inashika vizuri sana kwenye kioo na sina ugomvi nayo, ila inachoma macho na ngozi na mara nyingi utaitumia na pombe. Mi nikajaribu kitosani. Hii inatokana na maganda ya kamba na kaa wa baharini, inayeyuka kwenye asidi ya asetiki dhaifu, na ikiwa humo inakuwa na chaji chanya. Unachovya faiba kwenye kitosani, unasuuza kwa maji, unachovya kwenye grafini oksidi uliyoizimua, unasuuza, unarudia. Kila tabaka linavutwa na lililotangulia kwa chaji, jembamba sana, sawasawa pande zote. Kitosani chenyewe nacho kinapenda maji, kwa hiyo hakikupunguzii kitu, kinasaidia. Tangu nianze hivi sijaona mpako ukibanduka wenyewe tena. Yaani kama kuna sentensi moja ya kubeba kutoka kwangu ni hiyo ya kitosani.

Kuzimua nako: toka 4 shuka mpaka 0.5 hivi, hata chini ya hapo kwa njia ya matabaka inatosha. Ukitumia njia ya tone badala ya kuchovya, angalia lisikauke haraka, kwa sababu tone likikauka linasukuma kila kitu pembeni, katikati panabaki patupu na ukingoni kunakuwa na duara nene, na kwenye faiba hiyo ni hasara kamili. Kausha polepole, nyuzi 40 mpaka 60 zinatosha, usilazimishe kwa joto kubwa maana joto linaanza kuing'oa ile oksijeni, ukifika kwenye mia na hamsini na kwenda juu umeshaanza kuigeuza kuwa kitu kingine. Rangi ndo itakwambia, kahawia inakwenda kuwa nyeusi ya kung'aa. Mwanga mkali wa urujuanimno nao hivyohivyo, chupa iweke gizani penye ubaridi na usiigandishe, ikiganda karatasi zinashikana na hazirudi zilivyokuwa hata utikise vipi.

Na faiba uliifunguaje? Hili linahusu sana mazingira kuliko mpako wenyewe. Kuna wanaotumia asidi ya haidrofloriki kula kladingi. Jamani hiyo asidi inapenya ngozi bila hata kuuma sana mwanzoni, inafuata kalisi mwilini, inaweza kuua kwa eneo dogo tu la ngozi. Ukishaitumia hiyo halafu ukapaka mpako wa maji juu yake ukasema sensa yako ni ya kijani, hapana. Saga au vuta kwa moto. Kusafisha pia, watu wana mazoea ya kuchanganya asidi ya salfuriki na peroksaidi ya haidrojeni iliyokolea kusafishia kioo, mchanganyiko unaochemka wenyewe na unaoweza kulipuka ukikutana na uchafu mwingi wa plastiki au pombe. Mi natoa akriliki, ile ngozi ya plastiki ya faiba, kwa stripa, kifaa cha kuichunia, napangusa kwa pombe, kisha soda kali iliyozimuliwa, nasuuza. Imetosha.

Kupima nilitumia njia ya zamani isiyotaka mashine, chumvi zilizokolea kwenye mitungi iliyofungwa. Kila chumvi ikikolea kwenye maji mpaka inabaki punje chini, hewa ya juu yake inatulia kwenye unyevu wake maalumu, kwa nyuzi 25 kloridi ya lithiamu inakupa asilimia 11.3, kloridi ya magnesiamu 32.8, nitreti ya magnesiamu 52.9, chumvi ya kawaida 75.3, kloridi ya potasiamu 84.3, salfeti ya potasiamu 97.3. Unahamisha faiba mtungi hadi mtungi, unasubiri itulie, unaandika. Nilichokiona ni kwamba mstari si mnyoofu. Chini, kwenye ukavu, inasogea kidogo, halafu kuanzia katikati kwenda juu inaongeza kasi, na juu kabisa kitu kidogo cha unyevu kinaihamisha sana. Kwa mtu anayepima sehemu zenye unyevu mwingi hii ni faida. Kwa mtu anayetaka kupima ukavu wa chini ya asilimia 20 kwa uhakika, mi ningemwambia abaki na poliimidi, ambayo gretingi yake inakwenda mnyoofu karibu njia nzima, imara, na hata pale CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya, kwenye kigunduzi cha CMS wametumia gretingi zenye poliimidi kupima unyevu sehemu yenye mionzi ambako sensa za umeme zinapata shida. Sitaidharau poliimidi kwa sababu tu nimepata kipenzi kipya.

Kwenda na kurudi pia kuna tofauti kidogo. Ukipandisha unyevu kisha ukaushusha, usomaji wa asilimia ileile hauwi sawa kabisa, maji mengine yamejishika ndani hayataki kutoka upesi. Kwenye tabaka jembamba tofauti ni ndogo, kwenye nene inaonekana wazi. Na joto usilisahau, gretingi kwenye mwanga wa nanomita 1550 inahama kama pikomita 10 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo bila kuweka gretingi ya pili tupu isiyopakwa pembeni yake hujui kama umesoma unyevu au joto la mchana. Nyingine, matone ya maji yakishajikusanya juu ya faiba kama umande usomaji unaruka sehemu ya ajabu kwa sababu sasa mwanga unagusa maji yenyewe. Ukikauka unarudi, ila data ya muda huo itupe.

Kudumu sasa. Sensa zangu za mwanzo ambazo hazikuwa na kitosani nikiziacha kwenye mtungi wa asilimia 97 kwa siku kadhaa zilikuwa zinahama polepole, na nikizichovya kwenye maji ndo basi, kahawia inaonekana ikiachia ndani ya maji. Za kitosani zinavumilia unyevu mkubwa, na kuchovywa mara mojamoja zinastahimili, ila sizishauri kuishi ndani ya maji. Na hapa ndo naona mjadala wa mazingira unakosewa, watu wanatazama kilichomo kwenye chupa tu, wakati sensa inayobanduka kila mwezi ikakulazimu kukata faiba, kusplaisi (kuunga) nyingine, kusaga upya na kupaka upya, hiyo imekula kioo, umeme, pombe na muda wako mara kumi. Tabaka jembamba lililoshika linatumia mpako kiasi cha kushangaza, hii chupa yangu ya mililita 50 bado haijafika nusu pamoja na yote niliyoyaharibu.

Usalama wako wewe: ikiwa ndani ya maji sina wasiwasi nayo sana, vaa glavu basi. Ikikauka ikawa vumbi ndo jambo lingine, vipande vya saizi hiyo hutakiwi kuvivuta mapafuni, na kwenye majaribio ya chembe hai kiasi kikubwa kimeonyesha madhara. Kuna habari ya kutia moyo pia, vimeng'enya vya peroksidezi vimeonyeshwa vinaweza kuivunjavunja grafini oksidi, kimojawapo kikiwa mieloperoksidezi ambacho chembe zetu nyeupe za damu zinacho, kwa hiyo si kama kitu kisichooza milele. Lakini hiyo si ruhusa ya kumwaga kwenye bomba. Mi mabaki nayaacha yakauke kwenye sahani bapa mpaka yawe utando, utando unabanduka mzima bila vumbi, nauweka kwenye chombo cha taka za kemikali. Usiukwangue.

Nani achukue? Kama unataka kujua unyevu wa chumba tu, kwa kweli usiingie huku, sensa ndogo ya kawaida ya kapasita inatosha na haihitaji leza wala kifaa cha kusoma spektra, na hicho kifaa ndo mzigo mkubwa wa mfumo mzima huu, siyo mpako. Mpako huu una maana pale umeme hautakiwi kufika: karibu na transfoma za volteji kubwa, ndani ya chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku ya hospitalini, penye gesi za kuwaka, au pale unapotaka sehemu nyingi kwenye uzi mmoja mrefu. Na kwa anayepima pumzi za mtu, kwa ule uharaka wake, sijaona mpako mwingine wa maji unaoukaribia.

Alama naupa 8 kwa 10. Moja nimeikata kwa sababu ya lebo, muuzaji aliyenijibu vizuri vile angeandika majibu yaleyale kwenye chupa badala ya kusubiri mtu aulize, na nyingine kwa sababu maelekezo yaliyokuja nayo hayasemi hata neno moja kuhusu chaji ya kioo wala kuweka tabaka la kushikia, mtu anabaki kupaka na kubandua bila kujua kosa liko wapi. Sensa yangu ya matabaka sita ya kitosani na grafini oksidi bado iko kwenye mtungi wa salfeti ya potasiamu, wiki ijayo naihamishia kwenye kloridi ya lithiamu nione kama inarudi palepale ilipoanzia.